Mwaka Tuliorudisha Pombe ya Mulonda

Mulonda Byenda amekufa. Wamenipigia simu Jumapili nikiwa jikoni natenga maharage na mawe, kuniambia matanga yako kwake Biharwe na kwamba sisi watu wa Juru tunangojewa. Aliyepiga ni mke wa mtoto wake, msichana mwenye adabu, hajui kitu. "Mama Riziki, mzee amepumzika vizuri," aliniambia. "Alikuwa kwenye kitanda chake, watoto wote pembeni, pasta anaomba." Nilimpa pole, kwa sababu yeye hakunikosea. Halafu nikazima simu. Siendi. Huko watasimama mmoja baada ya mwingine waseme alikuwa mtu wa watu, alisaidia wakimbizi, alijenga kanisa, na mimi nikiwa pale nitatakiwa kuinamisha kichwa. Kichwa changu hakiinami. Nitasema hapa, kwenye karatasi, kwa Kiswahili changu cha darasa la tano, na majina nitayaandika mazima. Mulonda Byenda ndiye aliyeamuru kaka yangu Kashindi auawe. Sadiki Bulambo ndiye aliyepiga risasi. Na mzee Lwaboshi, ambaye hakuua hata kuku wa mtu, ndiye aliyetufunga mdomo. Atakayesoma akaudhika, audhike.

Naandika mwaka mmoja tu, mwaka wetu wa pili hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda. Tulikuwa wawili, mama na mimi, mimi msichana wa kuolewa ambaye hakuna aliyekuja kumposa. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, chumba kimoja tulichojenga kwa mikono yetu, juu tumefunika shitingi la plastiki ambalo mchana lilituoka kama mkate na asubuhi lilidondosha maji kwenye blanketi. Tulikula mahindi na maharage ya mgao, na lengalenga nilizochuma kandokando ya njia, na ndagaa siku ya bahati. Mama alitafuna polepole, anatazama ukuta. Nyuma ya ukuta huo wanawake wa jirani walipika na kusema, na kwa kuwa udongo ulikuwa na nyufa, tulikula pamoja na maneno yao: nani kapata safari ya Amerika, nani kamwiba nani sabuni, na siku nyingine, "Ule Mama Kashindi hachekake, utasema ni yeye mwenyewe alifiwa hapa." Mama ndiye alikuwa Mama Kashindi. Kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina halibadilishwi kwa sababu mtoto ameuawa. Kwa hiyo kisimani, kanisani, kwenye mstari wa mgao, watu walimwita kwa jina la maiti, naye aliitika. Alikuwa anaitika kila mara.

Kashindi alishika bunduki. Nalisema mwenyewe mapema ili asije mtu akanitupia usoni kana kwamba nimelificha. Aliingia katika kundi la vijana wa kwetu kule Kivu ya Kusini, akapigana, akapigwa risasi ya paja. Wenzake walimleta kwenye kituo cha afya cha kijiji, wakamlaza, wakachukua bunduki yake kwa sababu waliihitaji, wakaenda zao. Mama akabaki naye kama gadimalade, yaani yule wa kulala chini ya kitanda, kufua na kulisha. Siku kundi la Mulonda lilipoingia kijijini mimi nilikuwa mtoni nafua nguo za Kashindi. Niliporudi yote yalikuwa yameisha. Mama alikuwa amekaa chini mlangoni, na hakunieleza alichoona. Si siku ile, si njiani, si Nakivale.

Halafu Mulonda naye akaja Nakivale. Kundi lake lilishindwa na jingine huko, akavuka mpaka kama sisi, akapewa blanketi kama letu. Nilimwona mara ya kwanza kwenye mstari wa maharage, nyuma yangu, ameshika sufuria; mwanamke wa kwetu ndiye aliyeninong'oneza kwamba ni yeye. "Jambo, dada," akaniambia. Hakunijua. Muda haukupita mwingi akawa na kibanda cha unga, chumvi na sabuni pale kwenye njia panda, na Bulambo ndiye alimbebea magunia. Watu walinunua kwake. Nilikuwa nawatazama wakinunua, wengine walikuwa wamezika watu kwa mkono wake, nikajua kwamba njaa haina ukoo.

Mzee Lwaboshi ndiye alikuwa mkubwa wa watu wetu pale Juru, sehemu yetu ya kambi. Aliogopa damu imwagike kambini, aliogopa polisi, akachukua dawa aliyoijua. Kwetu, watu wakikoseana, wazee wanakaa. Aliyekosa anapika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inatiwa katika kibuyu kimoja na mrija mmoja. Aliyekosewa anavuta kwanza, aliyekosa anavuta nyuma yake kwa mrija uleule, mzee anauvunja mrija, na maneno yale yamekufa. Anayeyafufua, yeye ndiye mkosaji. Ni desturi nzuri kwa mbuzi aliyekula mahindi, kwa mpaka wa shamba, kwa bibi aliyerudi kwao. Wazee wetu walikosea pale tu, lakini walikosea sana: waliipeleka fasi, mahali ambako haikuzaliwa kwenda.

Tuliitwa nyumbani kwa Lwaboshi. Wanaume kwenye mabenchi, mama kwenye mkeka, mimi mlangoni kwa sababu msichana hakai katika maneno hayo. Kuku walikuwa wanaingia na kutoka. Mulonda aliongea bila kuficha, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo, kwamba hakuona cha kuficha. "Ni mimi nilituma Bulambo," alisema. "Sikatai, bazee. Kashindi alikuwa mwanajeshi, na mimi mwanajeshi. Angenipata yeye, leo mungekuwa munaongea na mama yangu." Wazee wakaguna kwa kukubali. Lwaboshi akageukia mkeka. "Mama Kashindi, umesikia. Mutoto wako alishika bunduki. Mwenye kushika bunduki ameisha kukubali kifo chake. Vita haina mwenyewe. Tukunywe, tukae kwa amani, tuko wageni kwa inchi ya watu." Mama aliangalia ndani ya kibuyu muda mrefu. Bulambo, kwenye kona, akasema, "Vuta, mama, ni tamu, hatukuweka maji mingi," na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kutaka jambo liishe. Mama akavuta. Mulonda akavuta. Mrija ukavunjwa. Tuliporudi nyumbani alipika maharage kama kawaida, akaniambia niongeze chumvi.

Kiangazi kilipofika ndipo akaja avoka, yaani mwanasheria. Jina lake Kyomugisha, mwanamke wa Mbarara, mfupi, sauti kubwa, Kiswahili chake kile cha askari wa Uganda, 'anakuja' kwake ni 'nakuja', ambacho watu wetu walikuwa wanakiigiza na kuangua kicheko. Walikuwa wametuambia anakuja kueleza sheria za dunia juu ya vita. Kanisa la mbao lilijaa, kwa sababu kulikuwa na fununu ya sabuni. Sabuni haikuwepo. Avoka alimsimamisha fundi cherehani mmoja mwenye mdomo, akampa fimbo. "Huyu nashika bunduki," alisema. "Nakuja kupiga wewe. Wewe nampiga, nakufa. Hiyo ni vita. Mimi siwezi kukushitaki, hata kama mama yake nalia." Halafu akamnyang'anya fimbo, akamlaza kwenye benchi. "Sasa, banange, muone. Mguu umevunjika. Bunduki hakuna. Nalala. Wewe nakuja, nampiga. Hiyo ni nini?"

"Ni hasara," fundi akajibu akiwa amelala. "Madamu, uniache kwanza nimalize suruali za watu."

Kanisa zima lilicheka. Mulonda alikuwa nyuma, ameegemea nguzo, na hakucheka. Alipaza sauti. "Madamu avoka. Huyo akipona atachukua tena bunduki, atakuja kuniua mimi na batoto bangu. Nimwache?"

"Mfunge," avoka akasema. "Mpeleke fasi ya wafungwa, mpe maji, mpe dawa, umlinde. Kumwua, hapana. Hiyo bunduki ni ya kesho, sebo. Huwezi kuua mtu leo kwa bunduki ya kesho."

Bulambo akauliza, sauti imeshuka, "Na kama mukubwa ndiye amekutuma?"

"Wewe unajibu. Na mkubwa naye anajibu. Wote wawili, kila mtu na yake. Kuua mtu analala kwa hospitali, hata mjinga najua hiyo amri ni mbaya. Hiyo sasa si vita. Hiyo jina lake ni uhalifu wa vita, na haiozi. Hata miaka ipite mingi, haiozi."

Mimi nilikuwa sijawahi kulisikia lile neno. Nilikuwa najua kuua, najua vita, najua dhambi. Sikujua kwamba ndani ya vita yenyewe kuna mstari, na kwamba kuna watu katika nchi za mbali waliokaa mezani wakauchora, na kwamba kaka yangu alikuwa ameuvuka mstari huo siku alipolazwa na bunduki ikaondoka. Upande wa huku alikuwa mtu wa kupigwa. Upande wa kule hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Tangu hapo nimeuliza mingi, kwa avoka na kwa wengine, na watu wananichoka. Nimejifunza kwamba si kila kifo cha vita ni uhalifu. Wangempata Kashindi mtoni na bunduki yake mkononi, ningelia mpaka leo lakini nisingekuwa na kesi. Nimejifunza kwamba sheria hiyo inafuata hata vita vya ndani ya nchi, wenyewe kwa wenyewe, na kwamba haichagui upande. Kama vijana wa Kashindi walichoma nyumba za watu, na nimesikia kwamba walichoma, basi naye alipaswa kusimamishwa mbele ya hakimu ajibu kwa mdomo wake. Wenye nyumba zile walinyimwa jibu hilo na Mulonda huyohuyo. Leo nasikia watu wakirushiana neno hili redioni kama tusi, kila asiyependwa ni mhalifu wa vita. Si tusi. Ni jina la kitendo, kama wizi ni jina, na lina masharti yake, na mimi masharti hayo ninayo yote.

Nilimfuata avoka mpaka kwenye gari lake. Nikamweleza. "Wewe uliona?" akaniuliza. Nikasema nilikuwa mtoni. "Nani aliona?" Mama. "Basi mlete mama ofisi yangu, Kakoba, pale Mbarara, naongea. Bila yeye mimi sina kitu, nyabo. Hiyo ya mtoni ni kilio, si ushahidi." Nikamwambia habari ya kibuyu. Akatikisa mkono kama anafukuza nzi. "Sheria haijui pombe."

Sheria haijui pombe, lakini mama aliijua. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikamwambia tunaenda Mbarara, akaendelea kupukuchua.

"Mudomo wenye ulikunywa haushitaki," alisema.

"Mama, walikulazimisha."

"Nani alinishika kichwa? Nilivuta mwenyewe, mbele ya bazee. Nikiongea sasa, ni mimi nitakuwa nimekosa. Nitazikwa na nani hapa? Na wewe nani atakuoa?"

"Asiponioa mtu, sawa! Utakuwa unaitika jina la Kashindi mpaka lini, na muuaji wake anatuuzia chumvi?"

Nilipiga kelele kubwa, mpaka nyuma ya ukuta wanawake walinyamaza ili wasikie vizuri. Mama aliacha gunzi. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja dawa asiyoiamini, "Pombe inarudishwaka." Alikuwa ameona mara moja, akiwa mtoto, kwa habari ya ng'ombe. Nyumba iliyokosewa inapika kasiksi kwa mikono yake, isiwe ya kununua, inaipeleka mchana, mlangoni kwa yule mtu, watu wanaona. Akiipokea, maneno yamefunguka upya kana kwamba mrija haukuvunjwa. "Na asipoipokea?" nikauliza. "Unarudi nayo nyumbani, na haya yako. Ndiyo maana batu habairudishake. Kwa ng'ombe nimeona. Kwa mutu, sijaona."

Nililima kule Ngarama, nje ya kambi, kwa Mnyankole mmoja mwenye shamba la migomba, akanipa mikungu. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikalifukiza, nikazika ndizi ndani ya majani mpaka zikaiva na harufu yake ikamwambia kila mtu ninachofanya. Nikazimenya, nikazikamua kwa nyasi mpaka mikono ikaungua, nikachuja, nikatia mtama wa kukaanga na kusaga, nikafunika. Mama alikaa pembeni akitazama. Hakugusa, lakini mara mbili alisema, "Ongeza mutama."

Niliibeba kwa bidoni, yaani dumu, siku ya mgao, njia panda ikiwa imejaa. Mama alitembea nyuma yangu. Mulonda alikuwa anampimia mama mmoja unga, na mzee Lwaboshi alikuwa kwenye kiti kivulini, anapiga domo. Nikaweka bidoni chini, nikaweka kibuyu, nikamimina, nikatia mrija.

"Faida!" Mulonda akasema. Siku hizo alikuwa amekwisha kunijua jina. "Leo unaniposa?"

Watu wakacheka. "Ni pombe yako, baba," nikasema. "Nimeirudisha. Ya Kashindi."

Lwaboshi aliinuka. Uso wake ulikuwa umekauka. "Binti, beba vitu vyako wende."

"Mukubwa, usiguse," Bulambo akadakia kutoka kwenye magunia, anacheka. "Huyu ameweka sumu. Angalia macho yake."

"Nimeweka ndizi," nikasema. "Lakini kama unaogopa msichana, nitabeba, nirudi. Kamanda mzima."

Nilimwona Mulonda akiangalia wateja wake, mmoja baada ya mwingine, akitafuta nani anatabasamu. Alikuwa mtu aliyeishi kwa kuogopwa. Kitu kimoja tu hakuweza kukivumilia, watu wamwone anarudi nyuma. Alishuka kutoka kwenye kibanda, akachuchumaa, akashika mrija. "Usivute!" Lwaboshi akapiga kelele. "Mulonda, usivute, weye!" Alikuwa amekwisha kuvuta. Alivuta mavuto marefu, akajifuta mdomo, akaniangalia. "Ni chachu," akasema. "Hujui kupika." Akacheka peke yake. Wazee waliokuwa pale walikuwa wanamtazama Lwaboshi, na Lwaboshi, ambaye maisha yake yote yalisimama juu ya desturi hiyo, hakuwa na pa kukimbilia. "Imerudi," alisema. Alisema kwa hasira, huku ananiangalia mimi na si Mulonda. "Maneno ya Kashindi imefunguka. Mungu atusaidie."

Sitaki mtu adhani kwamba tulishinda. Baada ya hapo wanawake walituacha kisimani, choo chetu kilibomolewa, na Lwaboshi hakutusalimia mpaka alipokufa. Avoka alipeleka maneno yetu kila mahali alipojua. Mahakama ya dunia inatafuta wakubwa, wakasema, na Mulonda alikuwa mdogo mno kwao. Kwetu alikuwa mkubwa vya kutosha. Hapa Uganda wakasema hakufanya hapa, kule kwetu hakukuwa na hakimu wa kuuliza. Alihamia Biharwe, akanunua ng'ombe, akawa mzee wa kanisa. Bulambo alipotea upande wa Tanzania, na kama yuko hai natumaini anaogopa. Sasa Mulonda amekufa, na maiti haishitakiwi, nimeelezwa hivyo wiki hii na avoka mwenyewe kwenye simu, amezeeka, sauti bado kubwa. Watu wangu wanasema, basi ilisaidia nini? Walitaka nisamehe, na sasa hawana hata wa kumwombea msamaha. Mimi sikutafuta kusamehe. Nilitafuta kile kitendo kiitwe jina lake, na kiitwe na aliyekiona.

Kwa sababu tulienda Kakoba, mama na mimi, wiki ileile niliyorudisha pombe. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vipuri, chumba chenye dirisha moja, chini boda boda zinapiga honi, harufu ya mafuta inapanda na ngazi. Avoka alituagizia matoke na karanga na chai ya maziwa, akatuambia tule kwanza, mtu hasemi maneno hayo na tumbo tupu. Mama alikula yote, akafuta sahani kwa kidole. Nilikuwa sijamwona anakula vile tangu tuvuke mpaka. Avoka akafunga dirisha, honi zikapungua. Akakaa mbele yake, magoti karibu na magoti.

"Mama, nauliza pole pole. Watasema kijana yako alikuwa soja. Hao wote wanasema hiyo. Wewe nasema nini? Siku hiyo, alikuwa soja?"

Nilitaka kujibu mimi. Nilikuwa na mstari, na masharti, na kila kitu nilichofundishwa kwenye benchi lile la kanisa. Mama aliniwekea mkono pajani ili ninyamaze.

"Alikuwa mugonjwa," akasema. "Nilikuwa namulisha uji. Bulambo akaingia, akaniambia, mama, toa kijiko."